Daraja la Nyali na Hesabu Mbili za Mkazo

Mombasa ni kisiwa, na kila kizazi cha wakaazi wake kimelazimika kujibu swali lile lile: watu na mizigo yao watavukaje? Kusini jibu ni feri ya Likoni. Magharibi ni Makupa. Kaskazini kuna hori ya Tudor, na ng'ambo ya hori hiyo ndiko Kongowea. Jina hilo ni kongwe kuliko barabara zote zinazoelekea huko. Mapokeo ya Waswahili huliambatanisha na Mwana Mkisi, malkia anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mji. Katika miaka ya 1870 wamisionari wa Church Missionary Society walijenga jirani na hapo makazi ya watumwa waliokombolewa, Freretown, na kengele yao ndiyo iliyoliachia eneo lile jina la Kengeleni. Muda wote huo nazi, muhogo, samaki na watu walivuka kwa mitumbwi na mashua.

Historia ya kuvuka kwenda Kongowea husimuliwa kwa majina ya serikali na ya kampuni zilizojenga. Lakini kila daraja lililowahi kuikata hori ya Tudor lilisimama kwanza kwenye karatasi, kwa hesabu ya kujua chuma au zege litabeba mkazo kiasi gani kabla ya kushindwa. Hesabu hiyo nayo ina historia, na ndani yake limo jambo ambalo kila mhandisi kijana anayefungua programu ya kompyuta anapaswa kulijua: mkazo anaousoma kwenye skrini umetokana na dhana fulani, na dhana ikibadilika, namba nayo hubadilika.

Daraja la kwanza la Nyali juu ya hori hiyo lilifunguliwa mwaka 1931, nalo lilikuwa daraja la kuelea. Barabara ililala juu ya matangi ya chuma yaliyopanda na kushuka pamoja na maji, na waliovuka walitozwa ada. Wakati wa bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa kwa maji Mombasa hupita mita 3. Kwa hiyo njia za kuingilia na kutokea zilibadilika mwinuko saa baada ya saa: maji yakipwa, gari liliteremka kuingia darajani na kupandisha kutoka; maji yakijaa, njia ilikaribia kuwa sawa.

Tulitazame kwa karibu tangi la namna hiyo. Vipimo ninavyovitumia ni vya mfano, si vya daraja lenyewe. Chukua bati la chuma la unene wa milimita 10 lililo mita 2 chini ya uso wa maji, likiwa limeshikwa na mbavu kila baada ya milimita 500, kama mbao za jahazi zinavyoshikwa na mataruma. Kwa kina hicho, maji ya bahari hulisukuma bati kwa takribani newton 0.02 kwa kila milimita ya mraba. Bati hujipinda kuelekea ndani kati ya ubavu na ubavu. Momenti ya kupinda pale penye ubavu hupatikana kwa kuzidisha shinikizo kwa mraba wa upana, kisha kugawanya kwa 12: jibu ni karibu newton-milimita 417 kwa kila milimita ya urefu. Zidisha kwa 6, gawanya kwa mraba wa unene, utapata mkazo wa newton 25 kwa kila milimita ya mraba. Uso mmoja wa bati unavutwa kwa 25, uso wa pili unabanwa kwa 25, na katikati kabisa ya unene mkazo ni sifuri.

Hesabu hiyo ya mistari michache ilitosha kwa wahandisi wa enzi ile, waliofanya kazi kwa kalamu, majedwali na rula ya kuhesabia. Lakini angalia kilichofanyika. Hakuna aliyeingia ndani ya unene wa bati kupima. Tulichukulia kwamba mkazo unatoka uso mmoja hadi mwingine kwa mstari ulionyooka, tukahesabu kutoka hapo.

Dhana hiyo ina wenyewe. Mwaka 1816 Sophie Germain alipewa tuzo ya chuo cha sayansi cha Paris kwa kazi yake juu ya mtetemo wa mabati. Mwaka 1850 Gustav Kirchhoff, Mjerumani, aliipa nadharia ya bati msingi unaofundishwa hadi leo: mstari unaokata unene wima hubaki umenyooka, na hubaki wima kwa bati hata bati likipinda. Mwaka 1888 Augustus Love wa Uingereza alilitumia wazo hilo kwa vitu vilivyojikunja, kama kuba na matangi ya duara, yaani maganda. Karne iliyofuata Eric Reissner, mwaka 1945, na Raymond Mindlin, mwaka 1951, waliulegeza ule msingi: mstari ubaki umenyooka, ila uruhusiwe kuinama kidogo, ili mabati manene nayo yahesabike. Kwa nadharia hizi, kitu chenye urefu, upana na unene kilipunguzwa kikawa uso mmoja uliopita katikati ya unene, na unene ukabaki kuwa namba tu ndani ya kanuni.

Daraja la kuelea lilipokuwa bado likipanda na kushuka kule Nyali, watengenezaji wa ndege walikuwa wamekwama. Mabawa ya ndege mpya zilizokwenda kasi yalikuwa na maumbo ambayo kanuni za kalamu hazikuyaweza. Mwaka 1956 Turner, Clough, Martin na Topp walichapisha njia waliyoianza kwenye kampuni ya Boeing: likate umbo katika vipande vidogo, andika milinganyo mepesi ya kila kipande, kisha viunganishe vyote kwenye ncha zao na uiachie kompyuta itatue. Mwaka 1960 Ray Clough aliipa njia hiyo jina linalotumika mpaka leo, na kipande kimoja kikaitwa elementi. Wengine walikuwa wameifikia kwa njia zao: Richard Courant alikuwa amechapisha wazo linalofanana nalo mwaka 1943, na John Argyris alikuwa akifanya kazi hiyo hiyo London. Huko Swansea, Wales, Olgierd Zienkiewicz alitoa mwaka 1967 kitabu cha kwanza kilichoifundisha njia hii kwa wahandisi wa ujenzi.

Hapo ndipo njia mbili zilipozaliwa. Elementi ya ganda ilirithi dhana ya Kirchhoff na Mindlin. Huchorwa kama uso usio na unene unaoonekana. Kila ncha yake inaweza kusogea pande tatu na kuzunguka. Mkazo wake hautafutwi ndani ya unene: kompyuta hupata nguvu inayolivuta bati zima na momenti inayolipinda, kisha hujenga mkazo wa juu na wa chini kwa kanuni ile ile tuliyoitumia kwenye tangi. Elementi yabisi haina dhana hiyo. Ni tofali dogo la mata; ncha zake husogea pande tatu, wala hazina mzunguko. Mkazo ndani ya unene huachwa ujitokeze wenyewe, hata ukiwa haufuati mstari ulionyooka.

Yabisi inaonekana kuwa ya kweli zaidi, na wengi huanzia hapo. Lakini ina gharama yake, na gharama hiyo inahesabika. Turudi kwenye bati letu, tukichukua kipande cha milimita 500 kwa 2,000. Kwa elementi za ganda zenye upande wa milimita 25, tunahitaji elementi 1,600 na milinganyo kama 10,200. Kwa elementi yabisi, tuseme tunaweka tabaka tatu ndani ya ule unene wa milimita 10 na kuziacha elementi zikaribie umbo la mchemraba. Tutahitaji elementi 270,000 na milinganyo zaidi ya milioni moja. Hilo ni bati moja tu la upande mmoja wa tangi.

Mwenye haraka ataweka tabaka moja la matofali mepesi yenye ncha nane, na hapo ataangukia mtego uliowatesa watangulizi. Tofali hilo likilazimishwa kupinda, haliwezi kujikunja. Pande zake hubaki zimenyooka, kwa hiyo hujitengenezea mkazo wa kukata ambao kwenye bati halisi haupo. Bati la kwenye kompyuta huwa gumu kuliko la kweli, likapinda kidogo mno na kuonyesha mkazo mdogo mno. Aliyelinganisha na ganda ataona tofauti kubwa na huenda akalilaumu ganda, ilhali kosa liko kwenye yabisi. Dawa ni kuongeza tabaka, au kutumia matofali yenye ncha za ziada katikati ya kingo, au elementi zilizorekebishwa makusudi kwa ajili ya kupinda.

Mwaka 1970 Swansea ilizaa kazi iliyoziunganisha njia hizi mbili. Ahmad, Bruce Irons na Zienkiewicz walianza na elementi yabisi iliyojikunja, kisha wakaishurutisha kwa masharti mawili tu: mstari unaokata unene ubaki umenyooka, na mkazo unaoelekea wima kwa uso uchukuliwe kuwa sifuri. Yabisi ikawa ganda. Kazi hiyo ilidhihirisha kwamba umbali kati ya ganda na yabisi ni masharti hayo mawili. Pale ambapo masharti ni ya kweli, elementi hizo mbili zitatoa jibu moja. Pale zinapotofautiana, na mahesabu yote mawili yamefanywa sawasawa, sharti mojawapo limevunjika, na mhandisi anaoneshwa mahali pa kwenda kutazama. Elementi ile nayo haikukosa kasoro: bati likiwa jembamba sana ilijifunga ikawa ngumu kupita kiasi, na mwaka 1971 Zienkiewicz, Robert Taylor na Too walipendekeza kupunguza sehemu ambamo kompyuta hukusanya hesabu ndani ya elementi ili kuilegeza.

Mwaka huo huo wa 1970 dunia ya madaraja ilipata msiba. Mtindo wa wakati ule ulikuwa mihimili ya boksi: dari, sakafu na kuta za mabati membamba zinazozunguka uwazi. Tarehe 2 Juni, daraja lililokuwa likijengwa Milford Haven, Wales, lilianguka na kuua wafanyakazi 4. Bati la kukingama lililokuwa juu ya nguzo, pale ambapo uzito wote wa mhimili hushuka kuingia kwenye nguzo, lilijikunja. Tarehe 15 Oktoba, daraja la West Gate huko Melbourne, Australia, lilianguka na kuua watu 35. Uingereza iliunda kamati chini ya Alec Merrison, na kanuni za kuhesabu mihimili ya boksi zikaandikwa upya. Kwa wahandisi wa kizazi kile somo lilikuwa chungu: katikati ya mhimili bati hutii nadharia, ila penye kiungo, penye nguzo, penye bati linalokutana na bati, nadharia ya bati jembamba huchoka mapema kuliko chuma chenyewe.

Katika hali hiyo ndipo Kongowea ilipopata daraja lake la pili. Bara ya kaskazini ilikuwa imekua. Malori, mabasi na mikokoteni havikuweza tena kungojea daraja la kuelea. Daraja jipya la Nyali, lililojengwa na kampuni ya Sumitomo ya Japani, lilikamilika mwaka 1980. Ni daraja la zege, lililoinuliwa juu ya nguzo ili vyombo vipite chini. Ukilitazama kutoka majini unaona mhimili ukinenepa unapokaribia nguzo na kupungua kina unapoelekea katikati ya upeo, maana uzito unakusanyika nguzoni. Hadi leo bidhaa zinazopakuliwa soko la Kongowea, kuanzia viazi vya bara mpaka maembe ya pwani, hupita juu yake kuingia kisiwani.

Mhimili mkubwa wa zege wa aina ya boksi si chuma chembamba, lakini swali la ganda na yabisi linaufuata vile vile. Mbali na nguzo, dari na kuta ni nyembamba ukilinganisha na upana wake, na ganda linatosha. Juu ya nguzo, zege hujaa, kuta hunenepa, nondo na nyaya za kubana zege huingia kwa wingi, na hakuna tena uso wa katikati wa kuchora. Hapo yabisi ndiyo inayosema kweli. Kanuni ya kazi wanayoitumia wengi ni kwamba unene ukizidi sehemu moja kwa kumi ya upana wa kipande, ganda linapaswa kutiliwa shaka.

Kisa kilichoonyesha uzito wa uamuzi huo kilitokea mbali, katika visiwa vya Palau, bahari ya Pasifiki. Daraja la zege la boksi lililounganisha Koror na Babeldaob lilimalizika 1977, likiwa na upeo mkuu wa mita 241, mrefu kuliko wa daraja lolote la aina yake kwa wakati ule. Likaanza kunyong'onyea katikati. Baada ya miaka 18 lilikuwa limeshuka zaidi ya mita moja na nusu, kupita mbali makadirio ya waliolibuni. Likakarabatiwa, na miezi michache baadaye, tarehe 26 Septemba 1996, likaanguka na kuua watu 2. Zdeněk Bažant wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, na wenzake walichapisha mwaka 2012 uchunguzi walioufanya kwa elementi yabisi za pande tatu. Sehemu kubwa ya tofauti ilitoka kwenye tabia ya zege kuendelea kubadilika umbo chini ya mzigo kwa miongo mingi, jambo ambalo kanuni za zamani zililidharau. Sehemu nyingine ilitoka kwenye umbo: hesabu za mhimili wa kawaida huchukulia dari lote la boksi linabeba mkazo sawa, kumbe sehemu iliyo karibu na kuta hubeba zaidi na iliyo mbali nazo hubeba kidogo. Aidha, bamba jembamba na bamba nene hukauka kwa kasi tofauti. Dhana iliyorahisisha hesabu ilificha yote mawili.

Turudi sasa kwenye chuma, maana chuma kimerudi Mombasa. Mwanzoni mwa 2021 daraja la kuelea la Liwatoni lilifunguliwa kwa waendao kwa miguu kati ya kisiwa na upande wa Likoni, na mabati yakawekwa tena juu ya maji ya chumvi, miaka 90 baada ya yale ya Nyali. Swali la tangi letu la mfano ni lile lile, ila leo mhandisi ana kompyuta mezani.

Akilichora tangi kwa ganda, atapata 25 penye ubavu, kama kalamu. Akilichora kwa yabisi zenye tabaka za kutosha, katikati ya bati majibu yatakutana karibu kabisa. Lakini akisogea kwenye kona ambapo bati limechomelewa kwenye ubavu, namba ya yabisi itapanda. Akizifanya elementi kuwa ndogo zaidi, itapanda tena. Akizidi kuzipunguza, itazidi kupanda bila kikomo. Mgeni wa kazi huingiwa na hofu, akadhani bati litapasuka. Ukweli ni kwamba kona kali isiyo na mviringo wowote, katika nadharia, haina mkazo wenye kikomo; namba ile ni ya mchoro, si ya chuma. Ganda nalo haliioni kona, kwa kuwa halijui unene wa uchomeleaji ulioko pale. Kwa hiyo mmoja anazidisha, mwingine ananyamaza.

Wataalamu wa uchomeleaji duniani wamepata njia ya katikati. Wanasoma mkazo usoni mwa bati kwa umbali wa mara 0.4 ya unene kutoka kwenye ukingo wa uchomeleaji, kisha kwa umbali sawa na unene mzima. Wanazidisha wa kwanza kwa 1.67, wanatoa wa pili uliozidishwa kwa 0.67, na jibu ndilo linalolinganishwa na vipimo vya uchovu wa chuma. Kwa bati letu la milimita 10, masomo hayo yanachukuliwa milimita 4 na milimita 10 kutoka ukingoni. Kwa njia hii ganda na yabisi huzungumza lugha moja, maana zote mbili zinasomwa mahali ambapo zote zinaaminika. Waundaji wa mitungi ya shinikizo wana njia inayokaribiana na hiyo: huchukua mstari unaokata unene ndani ya modeli ya yabisi, na kuugawa mkazo wake katika sehemu inayovuta, sehemu inayopinda, na kilele kinachobaki. Sehemu mbili za kwanza ndizo ganda linazozijua, na hizo ndizo za kulinganisha.

Mtego wa mwisho ni mdogo lakini umewapoteza wengi. Kompyuta hukokotoa mkazo ndani ya elementi, si juu ya uso wake. Ganda kwa kawaida huonyesha mkazo wa juu, wa kati au wa chini, kutegemea umechagua upi. Aliyesoma wa kati atapata sifuri kwenye bati linalopinda, na aliyesoma yabisi yenye tabaka moja huenda akasoma ndani ya unene badala ya usoni. Kabla ya kusema njia mbili zimetofautiana, hakikisha umezisoma mahali pamoja, upande mmoja, na mwelekeo mmoja.

Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichoanza kama chuo cha MIOME kabla ya kuwa politekniki mwaka 1972 na chuo kikuu mwaka 2013, kiko Tudor, kwenye hori ile ile inayovukwa na daraja la Nyali. Pwani yetu inaendelea kujengwa: daraja la Makupa lilifunguliwa 2022, na mipango ya daraja la juu la Likoni imekuwa mezani kwa miaka. Vijana wanaosoma hapo watakabidhiwa ripoti za mkazo zenye rangi nyekundu na buluu, na wengine wataziandika wenyewe. Naamini kila ripoti ya daraja la umma ingepaswa kueleza mambo manne: wapi ganda limetumika na wapi yabisi, tabaka ngapi zimewekwa ndani ya unene, mkazo umesomwa wapi, na njia hizo mbili zimetofautiana kiasi gani kwenye viungo. Maelezo hayo hayajazi hata ukurasa mmoja. Anayevuka kwenda Kongowea na gunia lake hawezi kuikagua hesabu, na kwa sababu hiyo aliyeihesabu anawajibika kuiacha wazi ili mhandisi mwenzake aweze kuikagua kwa niaba yake.